Mgongo Ulionitoa Shimoni

Mama,

Barua za watu wengine huanza kwa kuuliza hali, halafu mwandishi anasema yeye ni mzima wa afya. Wewe sitakuuliza, na mimi si mzima sana. Ninaandika nikiwa nyuma ya kaunta ya duka langu hapa mjini, mtaa wa West Indies, mguu wa kulia nimeuweka juu ya kreti ya soda, na kila mteja anayeingia anafikiri ninaagiza bidhaa. Namwacha afikiri hivyo.

Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuongea na wewe moja kwa moja. Miaka yote niliyokuwa mume wa binti yako Jerono, hatukuwahi kusalimiana kwa mkono wala kula chakula mahali pamoja. Kwenu Wakalenjin na kwetu Wakikuyu tunabishana mambo mengi, kuanzia namna ya kupika mahindi mpaka namna ya kumlilia maiti, lakini hili la mkwe hatukulibishania hata siku moja. Mwanamume na mama wa mke wake hawakaribiani. Ukija njiani, mimi natoka njiani. Nikiwa na neno kwako namwambia Jerono, Jerono anakupelekea, wewe unamjibu yeye, na mimi niliye nyuma ya mlango nikisikia kila kitu nangoja kuletewa jibu kama sijasikia. Lugha yako niliijua kwa kubahatisha, na yangu hukuijua kabisa. Kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili, ndicho tulichokuwa nacho sote wawili.

Nina aibu, Mama. Nilitaka kuanza na hilo, nikaogopa, nikaanza na kreti ya soda.

Ngoja kwanza nikupe habari za nyumbani. Tangu tukuzike, mahindi yako yamefika kifuani. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike, na Jelimo, kitinda mimba wako, anasema ndama huyo ana macho yako. Nami siwezi kubisha, kwa sababu macho yako sikuwahi kuyatazama. Akina mama wa kanisa walikuja kwa wingi siku ya mazishi, wakaimba mpaka sauti zikakauka, na mvua ilitungoja tumalize ndipo ikanyesha. Watu walisema hiyo ni heshima. Mimi nilisimama mbali pamoja na wakwe wenzangu, karibu na ghala, kofia mkononi, nikiangalia viatu vyangu.

Shida ilianza siku ya kunyolewa nywele, familia ilipokaa kuzungumza mambo ya nyumba yako. Wewe hukujaliwa mtoto wa kiume, na kwa desturi yenu binti wa mwisho hubaki kushika nyumba. Kila mtu alijua ni Jelimo. Ploti ile uliiokota mwenyewe kwa kura siku kampuni yetu ilipogawa shamba tulilonunua kwa mzungu, ile yenye chemchemi na mashimo ya watu wa kale, na ulifurahi hadi ukapiga vigelegele mbele ya mwenyekiti. Ilikuwa ya Jelimo na watoto wake wawili. Hakuna aliyetegemea maneno.

Ndipo Mzee akasimama. Unamjua shemeji yako, mdogo wa marehemu mume wako. Si mtu mbaya, ni mtu mwoga anayeupa woga wake jina la hekima. Alisema mgongo wako ulikuwa umenyooka mpaka siku tulipotembezwa shambani na kampuni, na kwamba tangu siku hiyo hukunyooka tena. Alisema wewe mwenyewe ulikiri umeanguka kwenye mashimo ya Sirikwa. Wale waliochimba mashimo hayo waliondoka zamani na hakuna anayejua walikokwenda, na huenda hawakwenda mbali. Wamekugonga, akasema, na sasa wamekumaliza. Mtoto wa ndugu yake hatalala mahali hapo. Tayari alikuwa amempata mtu mmoja wa ng'ambo ya kilima, mgeni asiyeogopa mashimo, aliyekubali kubadilishana ploti. Udongo wa kule ni mzuri, mweusi, lakini maji hakuna. Jelimo angekuwa akishuka mtoni na mtungi kila siku ya maisha yake, huku akiiacha nyuma chemchemi ya mama yake.

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Jelimo alikuwa akichora chini kwa kijiti, hakuinua uso. Mama, katika boma lile lote, mtu aliyejua kilichovunja mgongo wako alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa karibu na ghala akisafisha meno kwa kijiti cha kiberiti. Si wafu wa Sirikwa waliokugonga. Ni mimi. Na nilinyamaza.

Nilirudi mjini nikawa siwezi kupima hata sukari. Jumapili baada ya kanisa nilimwambia Jerono naenda kuangalia mahindi, nikapata lori la maziwa kwenye barabara ya Moiben, nikashuka pale kwenye nguzo za lango la mzungu. Lango lenyewe halipo, mtu amelifanya kitanda. Nilitaka kuitembea njia ile tena, yote, kwa miguu yangu mwenyewe. Nilijiambia nataka kuhakikisha nakumbuka vizuri. Ukweli ni kwamba nilitumaini nimekosea.

Unakumbuka ilivyokuwa siku ile ya kwanza. Ilikuwa miaka ile baada ya Uhuru, wazungu wanafunga mizigo, na kila mtu mwenye akili timamu ameingia kampuni ya kununua shamba, hata wasio na akili timamu. Kabla ya kukubaliana kununua, mwenyekiti wetu alisema lazima wanachama wote watembezwe, waone mipaka, maji na majengo, mtu asije akasema alinunua gunia limefungwa. Mimi nilikuwa nimejigamba dukani wiki nzima kwamba nitalizunguka shamba lote na sitahema. Nilivaa koti la suti na gambuti. Nilikuwa mnene wakati ule kama nilivyo sasa, na gambuti zilikuwa za mtu mwembamba.

Wewe ulivaa sweta ya bluu na leso mbili, na viatu umeshika mkononi visichafuke. Nilikuona kwa mbali kule chemchemini. Wengine walitazama maji, wakasema ni mazuri, wakapita. Wewe ulipiga magoti kwenye majani, ukanywa kwa kiganja, ukajipaka maji kwenye paji la uso. Kisha uling'oa konzi ya majani mabichi ukayaweka pale maji yanapotokea chini ya jiwe, ukakaa kidogo. Mimi nilisimama nyuma ya kichaka nikingoja uondoke ndipo na mimi ninywe, maana kiu ilikuwa imenishika vibaya.

Jumapili hii nilikunywa bila kungoja mtu. Maji bado ni baridi ya kuuma meno. Jelimo amezungushia miiba ng'ombe wasikanyage, na ameacha nafasi ya majirani kuingia na mitungi, kama ulivyokuwa ukifanya. Nilikaa hapo muda mrefu kwa sababu nilijua kinachofuata ni mashimo.

Yapo vilevile. Duara baada ya duara, yamefunikwa na nyasi, mawe ya kando yakionekana hapa na pale, na kila shimo lina mlango upande wa chini ambapo watu wale wa kale walipitisha ng'ombe wao. Mgeni hawezi kuyaona mpaka awe juu yake. Kijia kinapita katikati, chembamba kweli. Siku ile niliachwa nyuma. Nilikuwa nimekaa nikitoa kokoto kwenye gambuti, wenzangu wameshapanda hadi kwenye magofu ya nyumba ya Kaburu aliyekuwa na shamba hilo mwanzo, na mwenyekiti ameanza kuhutubia. Niliposimama nikakuona unakuja, umetoka chemchemini, tuko wawili tu na njia ni moja.

Nilifanya alichofundishwa mtoto yeyote wa mama mwenye adabu. Nilivua kofia, nikageuza uso, nikakupisha. Kwa kuwa nilikuwa nimegeuza uso, nilikupisha kinyumenyume. Hatua ya kwanza ilikuta ardhi. Ya pili haikukuta kitu.

Nilisikia mfupa. Sikupiga kelele, na sababu naiandika hapa ili tuelewane: wale waliokuwa kule juu walikuwa wateja wangu, na nilikuwa nimewaambia sitahema. Nililala chini ya shimo la watu wa Sirikwa nikiuma kofia. Halafu nikasikia sauti yako juu yangu. Ulikuwa umesimama ukingoni ukinipa mgongo, na ulikuwa unayasemesha mawe.

"Mawe, mwulizeni huyo mtu kama amekufa."

Niliyaambia mawe kwamba sijafa. Ukayaambia yaulize kama ninaweza kusimama. Nikayaambia siwezi. Hivyo ndivyo tulivyoongea, Mama, watu wazima wawili Wakristo, na nakiri kwamba hata katika yale maumivu niliona tumelindana heshima vizuri. Uliita wale wa juu. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu, kwa hiyo sisi tulimsikia mwenyekiti akisema mambo ya maendeleo na yeye hakutusikia. Ukaita tena, na tena.

Ikaja mvua ya mawe. Ulizaliwa na kuzeekea nchi hii, huhitaji kuelezwa barafu ya huku inavyopiga. Watu kule juu walikimbilia chini ya kuta na chini ya lori. Maji yakaanza kuteremka kwenye mashimo, na langu likawa linajaa upande niliolalia. Wewe ulisimama pale pale ukingoni, umefunika kichwa kwa mikono, hukukimbia. Wakati ule nilifikiri umepumbazwa na baridi. Sasa najua ulikuwa unapima mambo mawili, na hakuna kati yake lililokuwa dogo kwa mwanamke aliyelelewa kama ulivyolelewa wewe.

Ulizunguka, ukaingia kwa mlango wa ng'ombe. Ulisema, "Mawe, mwambieni afumbe macho." Nikafumba. Nilisikia leso ikipita chini ya mapaja yangu, ikakazwa, nikasikia ukichuchumaa, nikavutwa. Ulinifunga kama unavyofunga kuni. Halafu ukayaambia mawe yaniambie nishike shingo, nisishike mabega, kwa sababu nikishika mabega utaanguka. Nikashika shingo. Ukasimama.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikuwa usufi, Mama. Wewe ulikuwa mama wa mabinti waliokwisha kuolewa, na mimi ni mtu ambaye akipanda kwenye mizani ya duka, mizani inakataa.

Jumapili hii nilipanda kutoka mashimoni hadi kwenye magofu nikiwa na fimbo tu na Biblia mfukoni. Ni mlima. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mlima. Nilipumzika mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika, na kila nilipopumzika nilitazama chini nikaona bado mashimo yako karibu. Wewe ulipumzika mara moja, pale kwenye mtarakwa ulioanguka, na hukunishusha. Uliegemea gogo kwa mikono, ukapumua, ukaendelea. Nilifumbua macho pale. Uliniambia nifumbe, na nikafumbua. Kwa hiyo najua kisogo chako. Uso wako siujui, lakini najua nywele zilikuwa zimeanza mvi kuanzia chini, najua sikio la kushoto lililotobolewa zamani na ndewe imefungwa fundo dogo, na najua shingo ilivyotetemeka. Ulinukia moshi na maziwa. Ni mambo ambayo mkwe hatakiwi kuyajua, na nimeyabeba kama mtu aliyeiba.

Magofu yamezidi kubomoka. Kaburu wa kwanza aliijenga nyumba ile kwa mawe, na sasa nina hakika mawe mengine aliyatoa kule mashimoni, kwa sababu yanafanana. Paa halipo, dirisha halipo, bomba la moshi limesimama peke yake, na ndani ya meko kumeota mti wa mpera. Ulinizungusha nyuma ya ukuta wa meko, upande usioonekana na wenzetu, ukanishusha. Ukauambia ukuta neno moja, nami nitalifikia. Kisha ukafungua leso yako, ukaikamua, ukaenda mbele, nikakusikia ukiwaambia watu kwamba kuna mtu ameumia huko nyuma ya nyumba.

Walikuja mbio. Mwenyekiti aliniuliza nimevunjikia wapi. Nikasema mashimoni. Akaniuliza nimefikaje hapa juu na mguu umegeuka namna hii. Nikaangalia nyuma yake, nikakuona unatembea polepole kuelekea kwenye lori, mkono kiunoni, hugeuki.

Nikasema, "Nilijikokota."

Walinisifu, Mama. Walinibeba wanne, wakaniweka mbele pamoja na dereva kwenye joto, na wewe ukapanda nyuma na nguo mbichi. Mkutano uliofuata wakanichagua kwenye kamati, mwenyekiti akisema kampuni inahitaji watu wa kujikokota. Mpaka leo kuna wanaoniita Mjikokoti kwa heshima. Kila nikiitwa hivyo huitika.

Na wewe ulimwambia Jerono umeteleza mashimoni. Nililisikia hilo nikiwa nyuma ya mlango, na nikajua umenifunika. Nilishukuru sana kwa kila njia isiyo na maneno. Nilikuletea majani ya chai, sukari, blanketi, godoro zito kutoka kwa Mhindi. Ulitembea umeinama, na kila nilipokuona unakuja njiani nilitoka njiani mapema zaidi, mbali zaidi, hadi watu wakasema huyu mkwe ana adabu kupita kiasi. Haikuwa adabu tena. Nilikuwa nakukimbia.

Basi pale magofuni, Jumapili, nilikaa ukutani nikajiuliza kwa nini ni vigumu hivi. Sikumwua mtu. Ni kubebwa tu. Lakini Mama, kwetu mwanamume akibebwa na mwanamke aliyemzaa, huyo ni mtoto, na akibebwa na mama wa mke wake hakuna jina lake. Nilijua wakiisikia mara moja itakuwa hadithi yangu mpaka wajukuu. Mtu ataingia dukani kununua kiberiti na ataondoka akicheka. Upande mwingine alikuwa Jelimo na mtungi. Nilivipima, na nakuambia kwa aibu kwamba havikuwa mbali sana kwenye mizani, kwa muda mrefu. Nilishuka jua likiwa bado juu.

Walikuwa wamepanga kukutana tena nyumbani kwako ili yule mtu wa ng'ambo aje mbele ya wazee wakubaliane. Alikuja, amevaa vizuri, hana hatia yoyote. Mzee alianza kueleza habari ya mashimo. Mkwe hasemi mpaka aulizwe, unajua, na hakuna aliyeniuliza. Nikasimama. Niliomba ruhusa kwa Kikalenjin changu kibovu, nikaona bora nisijiongezee fedheha, nikaendelea kwa Kiswahili.

Nilisema yote, kuanzia kofia hadi meko. Sikusema habari ya kisogo, wala lile neno ulilouambia ukuta. Niliposema neno "mgongoni" sauti yangu ilikatika na ikabidi nilirudie, kwa hiyo walilisikia mara mbili.

Halafu yule bibi wa rika lako, Kogo mwenye mkongojo, anayekaa karibu na josho, akainuka, akanizunguka akinitazama kutoka chini hadi juu.

"Huyu?" akauliza. "Mzima mzima hivi?"

Nikasema mzima mzima. Kogo akashika mdomo. Akina mama wakaanza kucheka, kwanza wakijificha kwenye leso, kisha wazi, wakicheka na kulia kwa pamoja na kutaja jina lako, wakisema ndiye, huyo ndiye, angeweza huyo. Lilikuwa cheko la kwanza kwenye boma lako tangu uondoke. Nilisimama katikati yake nikatoa jasho mpaka kwenye soksi. Mzee hakucheka. Alikuwa akiangalia mguu wangu.

"Kwa hivyo sio shimo," akasema.

Nikamwambia sio shimo.

"Basi mtoto akae." Akafikiri kidogo. "Na wewe utaleta kondoo. Hiyo kitu mlifanya na mama yako mkwe lazima isafishwe, hata kama ni ya zamani."

Yule mgeni wa ng'ambo aliaga kwa heshima akaenda zake. Jelimo aliendelea kuchora chini, ila sasa machozi yalikuwa yakidondokea kwenye mchoro. Nilifikiri yamekwisha. Nilifikiri, angalia Kamau, kumbe aibu ni kama jino, linang'olewa unatema mate unaenda nyumbani.

Nilikuwa sijamtazama Jerono.

Hakucheka na wenzake. Njiani hakusema neno. Nyumbani alipika, akanipakulia, akaniwekea maji ya kunawa, akaenda kukaa na watoto wa shule anayofundisha wanaokuja kusoma jioni. Kesho yake hivyo hivyo, na siku iliyofuata. Nilitamani anitukane. Mwishowe alikuja dukani wakati hakuna mteja, akasimama upande ule wa kaunta wanaposimama wanunuzi.

"Alisema nini?" akaniuliza. "Ulisema aliongea na mawe. Pale mwisho alisema nini?"

Hilo neno sikulisema mkutanoni, Mama. Lilikuwa lako na langu na ukuta. Lakini alikuwa ananitazama, nikampa kama ulivyolisema: "Ukuta, mwambie huyu mtu asimwambie binti yangu. Mwanamke akimcheka bwanake, nyumba inaingia baridi."

Jerono akakaa juu ya gunia la maharagwe. Alikaa hapo mteja akaja, nikamhudumia, akaondoka.

"Mimi singecheka," akasema. Kisha akasema, "Aliniambia ameangukia nyonga. Miaka yote hiyo, kila nikienda kumwona, nilikuwa nikimkanda nyonga."

Hakupaza sauti. Aliniangalia ili aone kama nimeelewa. Nilielewa. Ulilala kifudifudi, binti yako akakukanda kwa mafuta ya ng'ombe mahali pasipouma, kwa mikono yake yote miwili, na ukamshukuru, ukashuka kitandani na maumivu yako pale pale juu ambapo mimi nilikaa. Ulifanya hivyo tena na tena ili mimi nisichekwe. Nilipokuwa nakuletea magodoro nilidhani najua kiasi cha ulichonifanyia.

Mficha uchi hazai, wanasema. Uchi ulikuwa wangu, na aliyekosa kupata kitu ni wewe.

Sijui kama Jerono atanisamehe. Ananisemesha sasa, mambo ya unga na karo na mlango wa nyuma. Jana aliniuliza ulikuwa unahema namna gani ulipopumzika kwenye gogo. Nikamwambia. Akauliza mikono yako uliiweka wapi, nikamwonyesha kwenye kaunta. Akaweka yake hapohapo akakaa nayo kidogo. Nikaona nimwambie na habari ya kisogo, nywele na ndewe na shingo. Alisikiliza hadi mwisho, na hakusema kwamba mkwe hatakiwi kujua mambo hayo.

Mteja ameingia, Mama, na mguu umekufa ganzi. Acha nimalize. Kondoo nimempata, dume jeusi, nitampeleka mwenyewe kwa miguu kutoka kwenye nguzo za lango. Njia ya kutoka mashimoni hadi kwenye magofu nitaifyeka kila baada ya mvua, kwa panga langu, na watoto wa Jelimo wakiniuliza nani alipita hapa nitawaambia nani alipita na alikuwa amebeba nini. Mtu akiniita Mjikokoti nitamsahihisha, hata kama ni mwenyekiti, hata kama ni kanisani. Na chochote Jerono atakachoniuliza juu yako nitamjibu uso kwa uso, bila mlango katikati. Hayo nakuahidi, na siuambii ukuta, nakuambia wewe.

Asante, Mama. Ilitakiwa niseme hivyo nikiwa pale nyuma ya meko, na mvua bado inanyesha.

Lala sasa. Nimechelewa kushuka mgongoni mwako, lakini nimeshuka.

Mkweo,
Kamau